Kumfuata punda milia mmoja kutoka angani: mwongozo kamili wa kufuatilia wanyama kwenye video za droni

Chukua video ya dakika 15 iliyopigwa kutoka angani juu ya nyika ya Laikipia, Kenya, punda milia 14 wakila nyasi. Mtoto wa darasa la tatu atakuhesabia hao 14 bila shida. Sasa mwulize: yule aliyekuwa wa mwisho kushoto video ilipoanza, sasa ni yupi? Wamepishana, wamepita chini ya migunga, wawili wamefukuzana, na droni nayo imesukumwa na upepo. Hapo ndipo penye kazi. Kugundua kwamba mahali fulani kuna mnyama ni jambo moja. Kumshika huyo huyo kwa namba ile ile, toka fremu ya kwanza (fremu ni picha moja kati ya zile zinazounda video) hadi ya mwisho, ni jambo jingine, na ndiko wengi wetu tunakokwama.

Nimemchagua punda milia wa Grevy, yule mwenye milia myembamba, tumbo jeupe na masikio makubwa ya duara. Porini wamebaki takriban 3,000, wengi wao kaskazini mwa Kenya na wachache Ethiopia, kwa hiyo kila dakika ya video yao ina thamani. Lakini hatua hizi zitakufaa pia ukiwafuatilia ng'ombe, ngalawa baharini au bodaboda kwenye makutano ya barabara.

Katika mwongozo huu njia ya kila mnyama nitaiita uzi. Uzi una namba, na kwa kila fremu una kisanduku kinachoonyesha mnyama alipo. Uzi unaweza kukatika, na nyuzi mbili zinaweza kubadilishana wanyama. Itunze tofauti hiyo akilini, maana karibu kila uamuzi hapa chini unaitegemea.

Kwanza andika swali lako

Kama unataka idadi tu, usifuatilie chochote: piga picha za eneo, uziunganishe, uhesabu. Kama unataka kujua mnyama alikula kwa muda gani na aliinua kichwa mara ngapi, unahitaji nyuzi zisizobadilishana na picha kubwa ya kila mnyama. Kama unataka mita alizotembea, ongeza kazi ya kuondoa mwendo wa kamera. Swali ndilo linaloamua urefu wa kuruka, na urefu ukishakosewa hakuna programu itakayokuokoa.

Vibali vianze mapema. Kenya, droni inasajiliwa kwa mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, chini ya kanuni za mwaka 2020, na kikomo cha kawaida ni futi 400 kutoka ardhini, yaani kama mita 120. Juu ya wanyamapori utahitaji ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori, na ya wenye hifadhi, na kama ni utafiti, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Tanzania utaanzia TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko.

Hesabu pikseli kabla ya kupaa

Hii ni hesabu ya dakika mbili, na wanaoiruka huijutia. Tafuta upana wa kihisi cha kamera na urefu wa fokasi halisi wa lenzi. Droni ya Phantom 4 Pro, kwa mfano, ina kihisi cha milimita 13.2 na fokasi ya milimita 8.8. Gawanya, unapata 1.5. Maana yake, kamera ikitazama chini moja kwa moja, upana wa ardhi inayoonekana ni mara 1.5 ya urefu uliopaa. Ukiwa mita 60 unaona mita 90 za ardhi. Video ya 4K ina pikseli 3,840 kwa upana, hivyo kila pikseli ni sentimita 2.3. Punda milia wa Grevy mwenye mwili wa mita 2.5 atapata pikseli kama 107. Panda hadi mita 100, atabaki na 64.

Pikseli 64 zinatosha kabisa. Tatizo liko mbele: programu nyingi za kugundua hupunguza kila fremu hadi pikseli 640 kabla ya kuitazama. Fremu ya 3,840 ikishushwa hadi 640 imegawanywa kwa 6, na punda milia wako wa pikseli 64 sasa ni 11. Upana wa mgongo wake, ambao ni kama sentimita 60, umekuwa pikseli mbili na ushei. Umebaki na doa. Nimeona watu wakilaumu modeli (ile sehemu ya programu iliyofunzwa kutambua wanyama), wakabadilisha modeli tatu, kumbe wanyama walishafutwa kabla modeli haijawaona.

Kamera nyingi hukata pembeni kidogo zinaporekodi video, kwa hiyo usiamini hesabu ya karatasini peke yake. Tandaza utepe wa mita 10 ardhini, paa juu yake hadi mita 30, rekodi, kisha hesabu pikseli. Ni hapo tu utakapojua kipimo halisi cha kamera yako.

Na kumbuka kwamba urefu unaosomeka kwenye rimoti hupimwa kutoka mahali droni ilipopaa, si kutoka ardhi iliyo chini yake. Laikipia ina vilima na mabonde. Ukipaa ukiwa kilimani na wanyama wako bondeni mita 25 chini, ile 60 ni 85.

Namna ya kurusha

Paa ukiwa mbali na kundi, panda hadi juu kabisa ya urefu unaotaka, kisha sogea polepole. Usishuke juu yao. Tazama masikio: wakiacha kula, wakainua vichwa pamoja na kuelekeza masikio upande wa droni, umeshawasumbua. Panda tena au rudi nyuma, usubiri watulie. Tabia iliyorekodiwa wakati wanyama wana hofu ni tabia ya hofu, hata kama kundi halikukimbia. Pia si haki kumkimbiza mnyama kwenye jua kali kwa ajili ya faili.

Kama kundi linatulia eneo moja, simamisha droni hewani na uache kamera itazame chini. Ni njia iliyo rahisi kuliko zote kwa kompyuta. Wakianza kuhama, sogea mara chache kwa mwendo laini badala ya kurekebisha kila sekunde, na jaribu wanyama wawe katikati ya fremu, maana anayetoka ukingoni na kurudi huhesabiwa kuwa mgeni.

Kutazama chini wima kuna hasara moja kubwa: milia ya ubavuni haionekani vizuri, na milia ndiyo kitambulisho cha punda milia. Kwenye zoezi la kuwahesabu liitwalo Great Grevy's Rally, lililofanyika mara ya kwanza mwaka 2016, wananchi walipiga picha ubavu wa kulia wa kila mnyama ili kompyuta iwatofautishe kwa milia. Igeni busara hiyo. Mwenzako mmoja akae kwenye gari na kamera ya kawaida, apige ubavu wa kulia wa kila mmoja kabla ya droni kupaa. Utakuja kumshukuru.

Kasi ya shata iwe 1/500 au zaidi ili mnyama anayekimbia asiwe ukungu. Zima mwangaza wa otomatiki unaobadilika wingu likipita. Washa maandishi ya video kwenye droni za DJI, upate faili ya SRT yenye mahali na urefu kwa kila fremu. Siku ya mawingu mepesi ni bora. Asubuhi na jioni vivuli hurefuka, na kutoka juu kivuli cha punda milia hufanana na punda milia kuliko mgongo wake mwenyewe. Modeli hukiwekea kivuli kisanduku bila kusita.

Kwa megabiti 100 kwa sekunde (Mbps 100), dakika 20 za video ni gigabaiti 15. Beba kadi za kutosha, na nakili kila kitu mara mbili jioni hiyo hiyo.

Kugundua

Modeli za YOLO (jamii ya modeli za kugundua vitu kwenye picha) zinazopakuliwa bure zimefunzwa kwa picha za COCO, mkusanyiko wenye aina 80 za vitu, na kwa bahati njema punda milia na twiga wamo. Kwa hiyo unaweza kujaribu leo hii. Sakinisha Ultralytics, maktaba ya Python yenye modeli hizo, kisha andika kwenye dirisha la amri:

`yolo track model=yolov8s.pt source=punda.mp4 classes=22 imgsz=1920 tracker=botsort.yaml save_txt=True`

Namba 22 ni punda milia, 23 ni twiga. `imgsz=1920` ndiyo inayozuia ile balaa ya 640. Kama kompyuta haina GPU (kichakataji cha michoro), kata sekunde 30 tu za kujaribia, au tumia kompyuta za mtandaoni za Google Colab. Kama wanyama ni wadogo mno hata kwa 1920, kuna mbinu ya kukata fremu vipande vipande vinavyopandana kidogo, kila kipande kikaguliwe kivyake, kisha majibu yaunganishwe. Programu ya SAHI hufanya hivyo. Itakuwa polepole mara kadhaa, lakini kwa droni iliyo juu sana ndiyo inayofanya kazi.

Matokeo yatakuwa ya nusunusu. Picha za COCO zilipigwa na watu waliosimama ardhini, na modeli iliyofundishwa kwa ubavu haimjui punda milia kwa mgongo. Itakubidi uifunze zaidi. Huna haja ya kuanza sifuri: mwaka 2023 watafiti walirekodi twiga na aina mbili za punda milia kwa droni kwenye kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia hapo hapo, na data yao inayoitwa KABR iko wazi kwa umma. Juu yake ongeza fremu zako 300 hadi 500. Zitoe kwa ffmpeg, programu ya kukata na kubadili video:

`ffmpeg -i safari1.mp4 -vf fps=1/3 fremu_%05d.jpg`

Hiyo inakupa fremu moja kila sekunde 3. Usichukue zinazofuatana, zinafanana mno na hazimfundishi mtu kitu. Weka lebo, yaani mchoree kila mnyama kisanduku, kwa programu ya CVAT, ambayo ni ya bure. Weka lebo hata kwa mnyama aliyefichwa nusu na mti, na uwe na kanuni moja tangu mwanzo: kivuli hakiingii ndani ya kisanduku.

Kuna kosa moja ambalo huharibu kazi nzuri nyingi. Unapogawa picha za kufunzia na za kupimia, gawa kwa safari za droni, si kwa fremu. Ukichanganya fremu za video moja pande zote mbili, modeli itapimwa kwa picha ambazo ni kama imeshaziona, alama zitapanda hadi angani, na siku utakapoipeleka kundi jipya itaanguka.

Mtazame pia mtoto. Mwana wa punda milia hutembea ameng'ang'ania ubavu wa mama yake, na visanduku vyao hupandana. Programu ikiona visanduku viwili vimepandana sana hudhani ni mnyama mmoja aliyegunduliwa mara mbili, inafuta kimoja. Pandisha kidogo kigezo cha `iou`, yaani kiwango cha kupandana kinachovumiliwa, au tumia modeli zenye visanduku vinavyozunguka kufuata mwelekeo wa mwili, ambavyo kwa picha za kutoka juu havipandani sana.

Kuunganisha nyuzi

Sasa una visanduku kwa kila fremu, bila uhusiano. Njia inayotumika sana ilitangazwa kwa jina la SORT mwaka 2016, nayo ni mchanganyiko wa mambo mawili ya kale. La kwanza ni kichujio cha Kalman cha mwaka 1960: kwa kuangalia mnyama alivyokuwa akienda, kinabashiri atakuwa wapi fremu ijayo. La pili ni mbinu ya Kihangaria ya mwaka 1955, inayogawa visanduku vipya kwa nyuzi za zamani ili jumla ya tofauti iwe ndogo kabisa, kama kugawa abiria kwenye viti bila yeyote kukaa mbali na tiketi yake.

ByteTrack ya mwaka 2021 iliongeza wazo jepesi lenye manufaa makubwa. Mnyama akiingia kivulini, kigunduzi hakimwachi papo hapo, ila uhakika wake hushuka, tuseme kutoka 0.8 hadi 0.2. Wengine walivitupa visanduku hivyo hafifu. ByteTrack huunganisha kwanza vile vya uhakika mkubwa, kisha nyuzi zilizobaki bila mwenza hupewa nafasi kwenye vile hafifu. Chini ya migunga tofauti huonekana waziwazi.

BoT-SORT ya mwaka 2022 ikaongeza kile ambacho sisi wa droni tunakihitaji kuliko wote: hukadiria jinsi mandhari nzima ilivyosogea kati ya fremu mbili, na kurekebisha ubashiri kwa kiasi hicho. Bila hilo, upepo ukipiga droni, kila mnyama anaonekana ameruka kwa pamoja na nyuzi zote hukatika. Ndiyo maana amri niliyoandika juu inataja `botsort.yaml`.

Fungua faili hiyo ya mipangilio. `track_buffer` ni idadi ya fremu ambazo uzi uliopoteza mnyama wake utamsubiri. Ikiwa 30, na video ni fremu 30 kwa sekunde, unamsubiri sekunde moja, na hakuna punda milia anayemaliza kupita chini ya mti kwa sekunde moja. Kishawishi ni kuiweka 300. Usifanye hivyo. Wawili wakiingia chini ya mti mmoja, na wa kwanza kutoka akawa siye aliyeingia kwanza, uzi uliokuwa ukisubiri utamrukia yule asiyehusika. Mimi huweka kati ya 60 na 90.

`match_thresh` ni kizingiti cha umbali, si cha kufanana. Ukikipunguza kutoka 0.8 hadi 0.7 ndipo unakuwa mkali zaidi. Watu wengi hukigeuza kinyume.

Kanuni ninayoisimamia hapa ni hii: heri uzi ukatike kuliko nyuzi zibadilishane. Uzi uliokatika unaonekana. Una mwisho mahali fulani, mwingine unaanza karibu yake, na unaweza kuzishona. Nyuzi zilizobadilishana hazipigi kelele. Zinakwenda hadi mwisho wa video zikiwa nzima na safi, jike akiwa amepewa mwendo wa dume, na hitimisho lako la utafiti linajengwa juu ya mnyama asiyekuwepo. Kwa hiyo panga vigezo vyako vielekee upande wa kukata. Ukipata nyuzi 60 kwa punda milia 14, usife moyo, hiyo ni hali ya kawaida ya mchana mmoja wenye miti.

Usirukeruke fremu ili kuokoa muda. Punda milia anayekimbia mita 15 kwa sekunde husogea sentimita 50 kwa kila fremu, na visanduku vyake vya mfululizo bado vinapandana. Ukisoma moja kati ya kila fremu 10, amesogea mita 5, mara mbili ya urefu wa mwili wake, na hakuna kinachopandana na kingine. Wakiwa wanakula tu, kuruka fremu mbili tatu hakuna madhara.

Kama ni mnyama mmoja tu unayemtaka, yote haya ni mazito bila sababu. Chora kisanduku kimoja na utumie CSRT, mbinu iliyomo kwenye OpenCV (maktaba huria ya kuchakata picha), au modeli ya SAM 2 iliyotolewa na Meta mwaka 2024, ambayo unambofya mnyama mara moja nayo inamfuata kwa umbo lake. Hii ya pili inataka GPU nzuri.

Kutoka pikseli hadi mita

Ukitaka umbali, lazima nyuzi zihame kutoka kwenye skrini kwenda ardhini. Tafuta alama zisizosogea kama mawe, vichuguu na matawi makavu, na uziache programu kama OpenCV ilinganishe fremu na fremu ili kila moja ilale juu ya fremu ya kwanza. Wafiche wanyama kabla ya kulinganisha, kwa kutumia visanduku ulivyo navyo tayari, la sivyo kundi likihama pamoja kompyuta itadhani ni ardhi ndiyo imehama. Kisha tumia kile kipimo cha utepe wa mita 10, ukirekebishe kwa urefu wa siku hiyo. Mahali pa GPS palipo kwenye SRT hukosea kwa mita kadhaa, kwa hiyo panafaa kuweka ramani mahali pake, si kupima hatua za mnyama.

Njia hii huichukulia ardhi kuwa bapa. Penye mteremko mkali utahitaji kujenga umbo la ardhi kutokana na picha zenyewe, kwa programu kama WebODM.

Kushona na kukagua

Kwa kila uzi unaoishia katikati ya fremu, orodhesha nyuzi zilizoanza baadaye mahali ambapo mnyama angeweza kufika kwa muda huo. Akibaki mmoja tu, shona. Wakiwa wawili, kompyuta isiamue. Tazama wewe.

Huna haja ya kutazama video nzima. Nyuzi hubadilishana pale wanyama wanapokutana, basi tafuta kila mahali ambapo wawili walikaribiana chini ya urefu wa mwili mmoja, kata sekunde 5 kabla na 5 baada, uvitazame vipande hivyo tu kwa mwendo wa polepole. Sahihisha ndani ya CVAT, ambamo unarekebisha kisanduku kwenye fremu chache nayo inajaza za katikati.

Kwa kupima, chagua vipande vitatu vya sekunde 30, kimoja kigumu kweli, uviwekee lebo kwa mkono fremu kwa fremu. Ukilinganisha, usitosheke na alama ya ufuatiliaji iitwayo MOTA. Yenyewe huhesabu kubadilishana kama kosa moja tu, hata kama namba imebaki vibaya kwa dakika 10 zilizofuata. Alama nyingine, IDF1, huadhibu kila fremu ambayo mnyama alibeba namba isiyo yake, na HOTA ya mwaka 2020 hupima ugunduzi na uunganishaji kwa pamoja. Kwa kazi ya tabia za wanyama, IDF1 ndiyo ninayoitazama kwanza.

Nyuzi zikishakuwa safi, kata video ndogo ya kila mnyama akiwa katikati ya fremu. Waliofanya KABR walifanya hivyo. Kuanzia hapo kuweka lebo za kula, kutembea na kuinua kichwa ni kazi ambayo hata mwanafunzi wa sekondari aliyeelekezwa vizuri anaweza kuifanya.

Kabla ya kumpa mtu yeyote faili

Faili ya SRT inaeleza kundi la wanyama walio hatarini lilikuwa wapi, saa ngapi. Iondoe, na uondoe pia taarifa za mahali zilizo ndani ya video yenyewe:

`ffmpeg -i safari1.mp4 -map 0:v:0 -map_metadata -1 -c copy safari1_safi.mp4`

Hakikisha pia jina la faili halitaji kisima au bonde. Wachungaji walioingia kwenye picha nao wana haki zao, Kenya kwa sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania kwa ya mwaka 2022. Wafunike kabla ya kuchapisha, na kama unawajua, nenda ukawaonyeshe video kwanza. Mara nyingi wao ndio watakaokuambia yule jike wa kushoto alizaa mwezi gani.